Safari ya Isli: Njia ya Urubani Isiyokula Mali ya Yatima



Wasomaji wapenzi, safari ninayowasimulia juma hili haikuwa ya matembezi. Nilikwenda Nairobi, mtaa wa Eastleigh ambao wenyewe huuita Isli, kwa ajili ya jambo la mirathi. Nimeona nilieleze kwa urefu kwa sababu najua si nyumba yetu peke yake iliyokumbwa nalo. Siku hizi vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, wanataka kuwa marubani, na wazazi wengi hawajui waanzie wapi wala fedha zitoke wapi.

Dada yangu ni mjane. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki miaka mitatu iliyopita akaacha mke, binti mmoja, watoto wawili wa kiume ambao hawajabaleghe, na nyumba ya vyumba sita huko Kisauni. Vyumba viwili wanakaa wao, vinne vimepangishwa, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo chakula chao na ndiyo ada ya madrasa na skuli. Wazee wa marehemu walikwisha tangulia mbele ya haki, na mimi ndiye wasii wa watoto.

Binti huyo ana miaka kumi na tisa. Alimaliza kidato cha nne kwa alama njema za hisabati na fizikia, na tangu utotoni neno lake ni moja: urubani. Aliponijia mara ya kwanza nilimjibu kwa haraka kwamba hiyo ni kazi ya watoto wa matajiri. Akanyamaza. Miezi miwili baadaye mama yake akanijia na jambo jingine kabisa, kwamba amepata mtu wa kuinunua nyumba. "Kaka," akaniambia, "akishakuwa rubani atatujengea nyingine." Hapo nikatambua kwamba jibu langu la haraka halikumaliza neno, lilikuwa limelisukuma gizani tu. Nikasema, hatuuzi hata tofali moja mpaka twende tukaone kwa macho yetu.

Tukapanda gari la moshi la alasiri kutoka Miritini sisi watatu: mimi, dada yangu na mpwa wangu. Tulishuka Syokimau baada ya Isha, tukapokelewa na mwenyeji wetu. Huyu ni binti wa ami yake mke wangu, aliyeolewa Isli na mzee wa Kisomali mwenye asili ya Garissa, na ana duka la vitambaa katika mojawapo ya majumba makubwa ya biashara. Mimi humwita shemeji, naye huniita shemeji sheikh.

Anayekwenda Isli mara ya kwanza na aamke alfajiri. Tuliswali katika msikiti wa Mtaa wa Sita, safu zimejaa mpaka ngazini kana kwamba ni Ijumaa. Tulipotoka baridi ilikuwa kali, na tayari mikokoteni ilikuwa njiani, imesheheni marobota ya nguo yaliyofungwa kwa kamba. Kina mama wa Kisomali walikuwa wamekaa kando ya barabara na madumu ya maziwa ya ngamia, harufu ya uunsi ikitoka milangoni, na katika hoteli ndogo watu walikuwa wakila anjera kwa chai ya maziwa yenye hiliki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na tope lilifika vifundoni. Lakini inua macho juu ya tope hilo utaona maghorofa ya vioo, moja baada ya jingine, na ndani yake vijiduka vyembamba vinavyouza dhahabu, mapazia, dira, manukato na simu.

Tulipokuwa tukivuka barabara, ndege ikapita chini sana juu ya mapaa, ikielekea mashariki kutua. Hakuna aliyeinua kichwa ila mpwa wangu. Mzee wa nyumba akacheka, akasema: "Huyu ndiye mgeni. Sisi tumezizoea kama nyinyi mlivyozizoea meli."

Kisha akatueleza jambo ambalo wengi wetu wa pwani hatulijui. Pale ndege ilipokwenda kutua, kambi ya jeshi la anga iitwayo Moi Air Base, ndipo palipokuwa uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi. Uwanja wa Eastleigh ulipokea wasafiri wa dunia nzima mpaka mwaka 1958, ulipofunguliwa ule wa Embakasi ambao leo unaitwa Jomo Kenyatta. Bintimfalme Elizabeth wa Uingereza alitua hapo Februari 1952, siku chache kabla ya baba yake kufariki na yeye kuwa malkia. Ndege za East African Airways, shirika lililoanzishwa mwaka 1946 kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, zilikuwa zikiruka na kutua hapo. Basi mtaa huu ulio na sifa ya maduka ulikuwa mlango wa anga ya Afrika Mashariki kabla haujawa soko.

Na habari ya soko nayo ina mafunzo yake. Mzee alituchukua mpaka Garissa Lodge. Jina lenyewe lasema kwamba ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia mwaka 1991, watu waliokimbia vita walifika Isli na kupanga vyumba hapo. Waliokuwa na bidhaa kidogo wakaziuza humo humo chumbani. Usiku kitanda ni kitanda, mchana kitanda ni meza ya duka. Wateja wakaongezeka, vyumba vya kulala vikageuka maduka kabisa, na kutoka hapo yakazaliwa majumba ya biashara yanayolisha wachuuzi wa nchi nzima na nchi jirani. "Wengi wa walioanza walikuwa wanawake," alisema mzee, "na hakuna aliyeanza na ghorofa. Walianza na mzigo unaoingia chini ya kitanda."

Maneno hayo niliyaweka moyoni, maana siku ile ile tulikutana na kinyume chake. Dada yangu alikuwa ameelekezwa kwa wakala mmoja mwenye ofisi katika ghorofa la pili la jumba fulani. Kijana mtanashati alitukaribisha kwa maji baridi na vitabu vyenye picha za ndege. Alisema anaweza kumpeleka binti nchi ya mbali ambako atatoka na leseni ya biashara kwa muda mfupi, kwa bei nafuu kuliko Kenya, kwa sharti moja: ada yote ilipwe mwanzo, na atakayelipa kabla ya mwisho wa mwezi atapunguziwa. Nilimwuliza chuo hicho kina ndege ngapi, hakujua. Nilimwuliza leseni ya huko itatambuliwaje hapa, akasema hilo ni jambo dogo. Nilimwuliza binti akiugua katikati ya masomo fedha zitarudije, akamtazama dada yangu badala ya kunitazama mimi.

Jioni shemeji aliposikia habari hizi alikuwa akimpimia mteja kitambaa. Akasema bila ya kuinua uso: "Shemeji sheikh, hapa Isli kitambaa hulipwa kwa yadi iliyokatwa. Mwenye kutaka fedha za robota ambalo hujaliona, mpishe njia."

Kesho yake tulikwenda kuona robota lenyewe. Kutoka Isli tulipanda matatu mpaka mjini, kisha nyingine ya barabara ya Lang'ata mpaka uwanja wa Wilson. Uwanja huu nao una habari itakayowapendeza kina mama. Ulianza na shirika la Wilson Airways lililoasisiwa mwaka 1929 na mwanamke mjane, Florence Kerr Wilson, na mwaka 1962 uwanja ukapewa jina hilo. Leo ndipo panaporuka ndege ndogo za kwenda Lamu, Maasai Mara na kaskazini, na hapo ndipo vilipo vyuo vingi vya urubani vya Nairobi. Tulizunguka tukiuliza. Wanafunzi na walimu walitujibu kwa ukarimu, na ninayoyaandika hapa ni muhtasari wa yale kila mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kutia mkono mfukoni.

La kwanza ni afya. Kabla ya ada na kabla ya sare, kijana apimwe na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na apimwe kwa daraja la kwanza, ambalo ndilo la rubani wa kazi. Macho hupimwa, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi, na masikio, moyo na mengineyo. Rubani kijana hurudia kipimo hiki kila mwaka. Wako wanafunzi walioanza kwa kipimo cha daraja la pili, kinachotosha kwa leseni ya mwanzo, wakatumia fedha nyingi, na baadaye wakakuta mwili hauruhusu daraja la kwanza. Ada ya daktari ni ndogo mno ukiilinganisha na hasara hiyo.

La pili ni ngazi zenyewe. Ya chini ni leseni ya rubani binafsi, ambayo haihitaji pungufu ya saa 40 za kuruka, na mwenye miaka 17 anaweza kuipata. Anaweza kurusha ndege lakini haruhusiwi kulipwa. Inayofuata ni leseni ya rubani wa biashara, kwa mwenye miaka 18 na zaidi, na kwa kanuni za kimataifa inahitaji saa 200, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika kozi moja iliyoidhinishwa kwa namna hiyo. Ndani ya saa hizo mna safari ndefu ya kilomita 540 ambayo mwanafunzi huongoza mwenyewe na kutua viwanja viwili tofauti, mna kuruka usiku, na mna kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege bila ya kutazama nje. Anayetaka mashirika makubwa huongeza idhini ya ndege za injini mbili na ya kuruka kwa vipimo. Na ngazi ya juu, ile ya ukapteni wa ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500.

Ndugu msomaji, zitazame saa hizo, maana ndizo bei. Katika urubani unachonunua ni saa ya ndege angani, yaani mafuta yake, matengenezo yake na mwalimu wake. Tuchukue mfano tu ili hesabu iwe nyepesi. Ikiwa saa moja ni shilingi 20,000, saa 40 za mwanzo ni 800,000, na saa 200 ni milioni 4. Juu ya hapo kuna mitihani, ada za kutua, vitabu na makazi, na saa za injini mbili ni ghali zaidi. Bei hupanda na kushuka pamoja na dola na mafuta, lakini umbo la hesabu halibadiliki.

Sasa turudi Kisauni. Tuseme nyumba ya marehemu ina thamani ya milioni 4. Mjane ana thumuni yake, yaani 500,000. Iliyobaki ni milioni 3 na nusu, na huwagawia watoto kwa mafungu matano: kila wa kiume mawili, binti moja. Fungu moja ni 700,000. Hiyo ndiyo haki ya mpwa wangu, wala haizidi. Milioni 2 na laki 8 ni mali ya yatima wawili ambao hawajajua hata kuhesabu fedha. Kuiuza nyumba yote ili kulipia saa 200 za dada yao ni kuila amana, hata kama nia ni njema na hata kama mama ameridhia, kwani mama hana idhini ya kuridhia kwa niaba ya fungu la wanawe lipotee. Sura ya Nisaa imelionya jambo hili kwa ukali ambao hakuna wasii anayeusoma akalala vizuri.

Nilimweleza mpwa wangu hesabu hii tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya uzio wa Wilson, ndege ndogo zikiruka mbele yetu. Aliiandika yote katika daftari lake. Kisha akaniuliza: "Mjomba, kwa hiyo fungu langu karibu linatosha leseni ya kwanza?" Nikamwambia, karibu. Hakulia wala hakubishana. Tangu hapo sikumwona tena kama mtoto mwenye ndoto. Nilimwona mtu anayepanga kazi.

Tukaanza basi kuzipima njia.

Njia ya kozi ya mfululizo ina saa chache, 150, na kwa mfano wetu ingeokoa milioni moja. Lakini inataka fedha nyingi kwa wakati mmoja na isikatike. Kwa familia yenye mtaji huo ni njia njema. Sisi hatuna.

Njia ya ngambo nayo ina watu wake. Wakenya wengi wamesoma Afrika ya Kusini na Marekani, ambako ndege ni nyingi na saa yaweza kuwa nafuu. Ila kuna viza, nauli, makazi, na mwishoni leseni ya kigeni lazima igeuzwe kuwa ya Kenya kwa taratibu na mitihani ya Mamlaka. Kwa binti kuna pia suala la kukaa mbali peke yake, ambalo kila familia italitazama kwa dini yake na mazingira yake. Jirani zetu wana vyuo vyenye jina: Ethiopia kuna chuo cha Ethiopian Airlines pale Addis Ababa, na Uganda kuna chuo cha Soroti kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Soroti ina faida kwamba si mbali na lugha si taabu.

Njia ya kugharimiwa ipo pia. Kenya Airways imewahi kuchukua vijana wasio na saa hata moja ikawapeleka Ethiopia na Afrika ya Kusini. Nafasi hizi hazifunguliwi kila mwaka, na zikifunguliwa waombaji ni maelfu. Jeshi la anga nalo hufundisha marubani wake, na kuandikishwa huko ni bure. Anayedai fedha ili akuingizie mtoto jeshini ni mwizi. Lakini aingiaye jeshini anakwenda kuwa askari kwanza, na hilo moyo wa mtoto ndio wa kuulizwa.

Ikabaki njia ya hatua kwa hatua: leseni ya kwanza hapa nyumbani, kulipia kila saa inaporukwa, kisha kusimama na kutazama. Mwalimu mmoja wa pale alitukumbusha kwamba njia hii si ya wanyonge. Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza kurusha ndege za Kenya Airways, alipata leseni yake ya kwanza papo hapo Wilson, akaenda Oklahoma City nchini Marekani kuchukua ile ya biashara, akajiunga na shirika mwaka 1993. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kufuzu ukapteni wa Boeing 787.

Usiku ule nyumbani kwa shemeji kulikuwa na kikao cha kina mama. Kila mwezi hukutana kwa hagbad, ambayo wengine huiita ayuto na sisi pwani twaiita mchezo. Kila mmoja hutoa kiasi kile kile, na mmoja wao huchukua zote kwa zamu. Hakuna riba, hakuna dhamana ila neno la mtu. Maduka mengi ya Isli yalipanda kwa ngazi hiyo. Dada yangu aliwasimulia kilichotuleta, nami nikiwa chumba cha pili nikisikia.

Mama mmoja mtu mzima akauliza kwa nini tunashangaa msichana kutaka kuruka. Kwao Somalia, alisema, katika miaka ya 1970 jeshi la anga lilikuwa na rubani mwanamke, Asli Hassan Abade, na wasichana wa Mogadishu walimjua kwa jina. Mwingine akauliza la maana zaidi: "Mna ndugu wangapi wenye kipato?" Dada yangu akahesabu, wakafika kumi. "Basi kila mmoja 8,000 kwa mwezi," akasema yule mama, "ni 80,000. Miezi kumi ni laki nane. Nyumba ya yatima iacheni ilipo."

Nilipoitoa kalamu yangu nikakuta hesabu ya mama yule asiyeujua uwanja wa Wilson imeangukia kwenye saa 40 za mfano wetu, bila kuzidi wala kupungua.

Nina la kuongeza hapo, ambalo tulilipata kwa walimu. Anayeruka saa moja leo na nyingine baada ya wiki mbili husahau, na saa zake huongezeka. Wengi hawamalizi kwa 40, hufika 50 na zaidi. Basi ni bora fedha zikusanywe kwanza, mwanafunzi akisoma vitabu vyake vya sheria za anga, hali ya hewa na uongozaji wa safari, kisha aruke mfululizo mara mbili au tatu kwa juma. Na kabla ya kulipa, mzazi aulize: chuo kina kibali cha Mamlaka kilicho hai? Kina ndege ngapi zinazoruka leo? Mwanafunzi husubiri zamu muda gani? Bei imejumuisha mitihani na ada za kutua? Majibu yawe kwa maandishi. Pia si lazima kukimbilia Nairobi bila ya kuuliza nyumbani, maana viwanja vyetu vya Malindi na Ukunda vimewahi kuwa na mafunzo ya urubani, na anayelala kwao hapangi chumba.

Kuhusu fedha, nataka niwe wazi kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa sana msikitini. Mkopo wa riba sikuukubali, wala usikubaliwe kwa kisingizio kwamba elimu ni dharura. Dharura ina mipaka yake, na urubani si maji wala dawa. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina benki za Kiislamu, na anayetaka aende akaulize, asome mkataba kabla ya kutia saini. Sisi tulichagua karadha njema ya ndugu, iliyoandikwa na kushuhudiwa kama ilivyoamriwa katika aya ndefu ya deni katika Suratul Baqara. Nidhamu ya hagbad tumeiazima, ila fedha hizi zote zinakwenda kwa mmoja, naye atazirudisha akianza kupata.

Na je, asipopata? Swali hili dada yangu aliliuliza tukiwa njiani kurudi, na ni swali la haki. Leseni ya biashara haimpi mtu kazi. Wako wenye leseni wanaokaa miaka wakitafuta saa za kuongeza, wengine wakifundisha wanafunzi, wengine wakibeba mizigo kwa ndege ndogo. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni muhimu isiwe na deni lisilobebeka. Baada ya leseni ya mwanzo tutakaa tena. Ikiwa mkono wake ni mwepesi na walimu wamemsifu, tutatafuta mlango wa pili: ufadhili, Soroti, au kuendelea polepole. Ikiwa sivyo, kuna chuo cha East African School of Aviation pale Embakasi kinachofundisha uongozaji wa ndege na kazi nyingine za anga ambazo nazo ni riziki ya heshima. Atakuwa amejaribu, na wadogo zake watakuwa bado wana paa.

Kabla hatujaondoka alikwenda kwa daktari. Nilikaa nje na mama yake karibu saa mbili. Mimi nilikuwa na tasbihi, dada yangu alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya buibui lake. Binti alitoka na karatasi mkononi, akampa mama yake, si mimi. Macho mazima, masikio mazima, moyo mzima. Alhamdulillahi. Tumezoea kumshukuru Mola kwa riziki, mara ngapi tumemshukuru kwa kuona rangi?

Asubuhi ya kuondoka niliswali tena Mtaa wa Sita. Imamu alisoma Suratul Mulk, na alipofika kwenye aya ya ndege wanaokunjua na kukunja mbawa zao hewani, pasi na wa kuwashika ila Arrahman, nilikumbuka kwamba nimeifundisha aya hii miaka thelathini bila ya kufikiri hata siku moja kwamba mtoto wa nyumba yetu angeihitaji kwa kazi. Wazee wetu hawakuliogopa jambo hili. Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, katika karne ya tisa, alijifunga mbawa akajirusha, akaanguka na kuumia mgongo, na wanahistoria wa Kiislamu wakamwandika kwa heshima.

Mwenye nyumba Kisauni nimemjulisha yule mnunuzi kwamba nyumba haiuzwi. Kikao cha ndugu kumi kitakuwa Jumapili baada ya Maghrib nyumbani kwangu, na daftari la karadha nimekwisha linunua. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina langu na 8,000 za mwezi wa kwanza. Mpwa wangu ameshaazima kitabu cha hali ya hewa, na usiku husoma kwa sauti, wadogo zake wakimwuliza mawingu yana majina gani.

Tunaomba dua zenu. Na aliye na yatima nyumbani mwake na mtoto mwenye hamu ya kuruka, namnasihi achukue kalamu ahesabu mafungu kwanza, ampeleke mtoto kwa daktari, kisha ndipo aulize bei ya saa. Wabillahi tawfiq.